Kibuyu Kisichojua Maziwa

Kila nikifungua kile kibuyu, harufu inanifikia kabla sijaona kilichomo ndani. Ni asali, ni moshi, na ni kitu cha tatu ambacho mume wangu anasema ni vumbi na mimi nasema ni jikoni kwa Bibi, Kasulu. Tumebishana vya kutosha, sasa ameniachia. Kibuyu chenyewe ni kidogo, shingo imepinda upande, na usipokiegemeza kwenye kitu kinalala. Bibi alipofariki, ndugu waligawana vitenge, masufuria na majembe, na hakuna aliyekigusa. Shangazi alikitungua ukutani, akanipa mbele ya watu wote, akasema, "Hiki cha Devota, hata mbuzi wa hapa wanajua."

Devota ndiye mimi. Nawaandikia nyie wa rika langu mliokula sikukuu bila kuuliza maswali. Mlijaza mifuko pipi za maziwa, mkachovya maandazi kwenye chai nzito, mkalamba vidole. Mimi sikukuu zangu zilikuwa na ulinzi. Mama alikaa pembeni akiutazama mkono wangu, na mkono ukielekea kwenye sahani yoyote, jina langu lilisikika. Nilikuwa na mzio wa maziwa, na ulikuwa mkali kweli. Tone moja lilitosha kunivimbisha midomo na macho, ngozi ikatoka mabaka, kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari alishamwambia Mama kabla sijaanza shule: maziwa na chochote kilichotokana na maziwa visimfikie huyu mtoto.

Sasa mwambie hivyo mtu wa Buha, nchi ya Waha. Kwetu ukifika kwa mtu akakupa maji, amekukaribisha. Akikupa maziwa, amefurahi. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na ng'ombe mmoja wa kukamua, mwekundu mwenye pembe ndefu, jina lake Bihogo. Kila tulipotoka Kibondo kwenda kumtembelea, alinipokea na kikombe mkononi, halafu akakumbuka, akageuka nacho ndani. Alifanya hivyo kila safari, na kila safari alionekana kuona aibu upya.

Mimi mwenyewe hakuna aliyenieleza kwa nini situmii maziwa. Watu wazima walielezana wao kwa wao, juu ya kichwa changu. Kwa hiyo nilijitafutia sababu, na niliipata. Siku moja nikiwa mdogo nilimrushia ndama wa Bihogo gunzi la mahindi, likampata puani. Bihogo hakunifukuza. Aliacha kutafuna, akanitazama, akaendelea kutafuna. Mchana huohuo nikavimba uso, kwa sababu kijiko kilichotoka kwenye maziwa kilikoroga uji wangu. Hayo ya kijiko nimekuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimemkosea ng'ombe, na ng'ombe ameninyima maziwa yake. Niliishi na kesi hiyo kama miaka miwili bila kumwambia mtu, na nilipopita karibu na zizi nilipita nimeinamisha kichwa.

Kibondo tulikaa kwa sababu Baba alikuwa mwalimu pale, na Mama alikuwa fundi cherehani sokoni. Jirani yake alikuwa Mama Zuhura, mwenye duka, mwanamke wa Tanga aliyeletwa huku na ndoa na akakataa kabisa kuiacha Tanga nyuma. Alivaa kanga zake mbili, alipika wali wa nazi ingawa nazi zilimfikia kwa taabu, na kila Idd alisambaza sinia za vitu vitamu kwa Waislamu na Wakristo bila kubagua. Ni yeye aliyeamua kwamba mimi nami nitakula sikukuu.

Aliifanya kazi hiyo kwa hasira, ndivyo ninavyokumbuka. Alichukua miwani ya mumewe, akashusha pakiti za biskuti na pipi kutoka kwenye rafu, akazigeuza moja moja kusoma yale maandishi madogo ya nyuma.

"Hii ina maziwa. Hii nayo ina maziwa. Hii, shoga yangu, ina unga wa maziwa, tena wameuficha kati ya chumvi na rangi." Alizitupa upande mmoja wa kaunta. "Hawa watu wana ng'ombe wangapi?"

"Basi halua," Mama akasema.

"Halua ina samli. Visheti navyo nakandia samli. Samli unadhani inatoka wapi, kwenye mti?"

Mwisho wa yote zilibaki kashata. Karanga, sukari, maji, basi. Mama Zuhura alinunua sufuria mpya na mwiko mpya, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kila kimoja, akaitangazia nyumba yake yote kwamba atakayevitumia kwa jambo lingine ahame. Sinia hakulipaka samli kama alivyozoea ili kashata zisigande. Alipaka mafuta ya alizeti. Idd ile nilikaa barazani kwake na watoto wengine nikala kashata mpaka meno yakauma. Mama alisimama pembeni akihesabu pumzi zangu, halafu polepole akaacha kuhesabu, akakaa, akaomba kikombe cha kahawa. Nilijiona tajiri.

Tangu hapo Mama hakusafiri kwenda Kasulu bila mfuko wa kashata za Mama Zuhura. Krismasi moja Bibi alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nakula zangu peke yangu, wakati binamu zangu wamezunguka sinia sebuleni. Aliuangalia ule mfuko muda mrefu.

"Mjukuu wangu anakula sikukuu ya dukani," akasema, "na mimi nipo."

Mama alieleza tena habari ya mzio. Bibi alisikiliza, mikono nyuma. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na desturi ya kumwacha mtu amalize kabisa ndipo ajibu, jambo lililomchosha Mama, ambaye alizoea kubishana huku anashona.

"Maziwa kidogo hayajawahi kuua mtu katika nyumba hii," Bibi akasema.

Baba alitazama viatu vyake. Katika mambo ya mkewe na mama yake, Baba alivitazama sana viatu. Lakini maneno yale Mama aliyaweka moyoni, na yalikaa.

Mwaka uliofuata Bibi alituma salamu kwamba kashata za Devota safari hii zitapikwa kwake. Mama alikataa. Baba akamwomba. Mama akakataa tena, kisha akachukua simu akamsomea mama mkwe wake masharti moja baada ya jingine kama anayesoma matangazo ya kanisani: sufuria mpya, mwiko mpya, hakuna samli, hakuna maziwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na atakuwepo mwenyewe wakati wa kupika. Kwa kila sharti sauti ya Bibi iliitikia kwa Kiha upande wa pili, "Ego. Ego, Mama Devota. Ego."

Na alifanya yote. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo. Alinunua sufuria ingali na karatasi yake. Karanga alilima mwenyewe, akazichagua, akazikaanga bila mafuta. Na badala ya sukari tupu akataka kuweka asali, kwa sababu mjukuu hawezi kupikiwa kitu kisichozidi cha dukani. Aliagiza asali ya msituni kwa mzee mmoja mfuga nyuki, ikaletwa wiki nzima kabla yetu ndani ya dumu la plastiki.

Asubuhi ya Krismasi niliamka kabla ya wenzangu nikamfuata chumbani kwake. Nilimkuta anashusha kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, kile ambacho yeye alikiita igisabo. Mwenye kukijua anajua. Kilining'inia kwenye wavu wa kamba pembeni ya kitanda chake, cheusi, kinang'aa kwa miaka ya kushikwa. Kilikuja naye alipoolewa. Ndani yake ndimo maziwa ya Bihogo yalimosukwasukwa mpaka siagi ikajitenga, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kukiegemea. Leo kilitoa asali. Alikiinamisha juu ya bakuli, ikashuka taratibu, nyekundu, na chumba kikajaa harufu ya maua na moshi na Bihogo.

"Mbona ipo humo, Bibi?"

"Asali yako ikae kwenye dumu la mafuta ya taa?" akasema. "Mwana wanje, mwanangu, hiki ndicho chombo cha heshima katika nyumba hii. Nimekiosha, nikakifukiza. Imelala humu siku sita."

Nilielewa papo hapo, na nilielewa vibaya. Nilielewa kwamba Bibi anaijua kesi yangu. Kwamba ameenda zizini kunisemea, na Bihogo amekubali, na hii ndiyo namna ng'ombe anavyosamehe mtu: anakuazima kibuyu chake. Nilijisikia mwepesi, nikatamani kucheka. Niliona pia kwamba hii ni siri yetu watatu, mimi, Bibi na Bihogo, na siri hiyo sikumwambia Mama.

Mama alipoingia jikoni, asali ilishakuwa kwenye bakuli safi la bati. Alikagua kila kitu. Aliinusa sufuria, akazishika karanga, akamwangalia Bibi akinawa kwa sabuni hadi viwiko. Hakuona kosa lolote. Alikaa kwenye kigoda mpaka kashata zikakatwa, akasema, "Asante, Mama," na Bibi akaitikia kwa kichwa. Nafikiri ile ilikuwa mara ya kwanza wale wawili kukaa jikoni moja kwa amani.

Baada ya kanisa tulikaa sebuleni, binamu zangu saba na mimi, tukazunguka sinia moja. Sinia moja. Sikuwa na mfuko, sikuwa na ngazi ya nyuma. Binamu yangu Onesmo alinisukuma kwa kiwiko ili achukue kipande kikubwa, nami nikamsukuma, na hakuna mtu aliyeita jina langu. Kashata ile ilikuwa laini kuliko ya Mama Zuhura, na ilinyooka nyuzi ukiivuta. Nilikula vipande viwili. Cha tatu kilikuwa mkononi ulimi ulipoanza kuwasha.

Najua sana namna inavyokuja. Kwanza ni kuwashwa, halafu masikio yanapata moto, halafu unasikia shingo imekuwa nyembamba. Nilikaa kimya kwanza, kwa sababu sikutaka kutoka kwenye lile sinia. Ni Onesmo aliyemwambia Mama, "Mama mdogo, Devota amekuwa na midomo mikubwa."

Baba mdogo alikuwa na pikipiki. Nilikaa kati yake na Mama, na njia nzima Mama alinipigia kelele sikioni nivute pumzi, nitoe, nivute, nitoe. Zahanatini muuguzi alinidunga sindano ya paja, akanivalisha kitu puani, akaniweka kitandani nimeegemea ukuta. Baada ya muda filimbi kifuani ikapungua. Niliona sura ya Mama ikirudia rangi yake. Halafu nikaona Bibi mlangoni. Alikuja kwa miguu, na gauni la kanisani lilikuwa na tope hadi magotini.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua," Mama akasema. Alitoka akasimama naye kwenye benchi la nje, lakini mlango ulikuwa wazi na mimi masikio yalikuwa mazima. "Mama, umempa nini mtoto wangu?"

"Kashata. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Kabla sijafika jikoni umempa nini?"

"Sikumpa maziwa."

"Mwaka jana ulisema mbele yangu maziwa kidogo hayaui mtu."

"Nilisema," Bibi akajibu. "Sikufanya."

"Basi yametoka wapi?"

Bibi alitikisa kichwa. Mama akasema taratibu, na hiyo sauti ya taratibu ndiyo iliyonitisha, "Mimi simleti tena. Baba yake atakuja akitaka. Mtoto haji."

Nilikaa pale kitandani nikiwaza haraka, kwa akili ya darasa la pili. Siri ilikuwa ya watatu, na mtu akiitoa msamaha unavunjika. Lakini nilikuwa nimevimba. Kama nimevimba, basi msamaha haukuwepo tangu mwanzo. Bihogo alitudanganya, mimi na Bibi wote wawili, na sasa Bibi ndiye anayebeba lawama. Nilimkasirikia yule ng'ombe kwa moyo wangu wote.

"Bihogo hakunisamehe," nikasema. Ulimi ulikuwa mzito, nikarudia.

Wakaingia wote wawili. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso, akidhani homa imeanza. Niliwaeleza yote. Niliwaeleza gunzi, na pua ya ndama, na jinsi Bihogo alivyonitazama, na kwamba Bibi alimwomba msamaha kwa niaba yangu, ndiyo maana asali ililala siku sita ndani ya kibuyu chake cha maziwa.

Hakuna aliyecheka. Mama alimgeukia Bibi. Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Nilikiosha," akasema kupitia vidole. "Kwa maji ya moto, mara tatu. Nikakifukiza." Halafu akasema, "Yoo. Kimekunywa maziwa miaka arobaini."

Ukweli ulijulikana, na mimi nilidhani yameisha. Nilidhani mtu akionekana hakukusudia, watu wanarudi nyumbani. Mama alimwamini, nina hakika na hilo, maana alimshika mkono akamkalisha kitandani kwangu. Lakini alipozungumza hakubadilisha kitu.

"Najua hukutaka, Mama. Lakini koo la mtoto halijui nani alikusudia na nani hakukusudia. Hili la kibuyu tumelijua leo. Kesho litakuwa lipi?"

Bibi alikubali kwa kichwa. Hakujitetea, na hakuomba.

Tulirudi Kibondo, na Mama alitimiza neno lake. Pasaka hatukwenda. Likizo ya katikati ya mwaka Baba alikwenda peke yake, na kila alipoondoka nilikaa mlangoni kwa Mama Zuhura nimenuna hadi akanipa kazi ya kuchambua maharage. Nilimkumbuka Bibi vibaya sana. Nilikumbuka hata kile kikombe chake, kile alichokuwa akinijia nacho na kugeuka nacho.

Baba aliporudi kutoka safari mojawapo alileta habari za ajabu. "Mama yangu amekuwa na shamba lake jipya," akasema wakati wa chakula. "Huko mbali kabisa, upande wa pili wa nyumba. Kashimo kamoja tu. Amezungushia miiba, hataki mbuzi asogee, hataki ng'ombe asogee, mimi mwenyewe aliniambia nioshe miguu kwanza."

"Amepanda nini?" Mama akauliza.

"Hasemi. Majani yanatambaa."

Mimi nilijua. Nilijua kwamba Bibi amemwekea Bihogo uzio, kumwadhibu kwa kutudanganya, na kwamba huko ndani kuna majani matamu ambayo Bihogo anayaona na hayapati. Hapo tena nikamwonea huruma. Nilianza kuombea ng'ombe katika sala zangu, baada ya Baba na Mama na kabla ya Mama Zuhura.

Krismasi ilipokaribia, mchana mmoja wa mvua nyepesi, nilikuwa nimekaa chini ya meza ya cherehani nikiokota vipande vya vitambaa, nikaona miguu ninayoijua imesimama mbele ya duka. Viatu vya plastiki, vidole virefu, tope la stendi. Bibi alikuwa ametoka Kasulu na basi la asubuhi, yeye ambaye hakupenda basi hata kidogo. Mgongoni alibeba kitu kwa kitenge, amekifunga vizuri, na watu waliokuwa sokoni walidhani ni mtoto.

"Shikamoo, Mama," Mama akasema, akaacha kushona.

"Marahaba."

Bibi alifungua kitenge, akatoa kibuyu. Kilikuwa kipya, rangi ya ugali wa muhogo, na kilikuwa kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa uzito wake mpaka nilipopata mama mkwe wangu mwenyewe. Alikishika kwa mikono miwili, akapiga goti moja kidogo, akamsogezea mkwewe kwenye uso.

"Nusa," akasema.

Mama alisita. Kisha akainama, akaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu, akanusa muda mrefu.

"Moshi," akasema. "Na kibuyu chenyewe."

"Hakuna kingine. Nilipanda mbegu wiki ileile mlipoondoka. Kimeota nikikitazama, kimekauka juu ya moto wangu, nimekichokonoa ndani mwenyewe, nikakisafisha kwa maji na kokoto. Hakijaonja maziwa. Hakijakaa nyumba moja na maziwa."

Mama Zuhura alikuwa ameshatoka dukani kwake, kwa sababu hakuna jambo lililotokea pale sokoni bila yeye kutoka. Alimwamkia Bibi kwa heshima zote za Tanga, akakichukua kibuyu, akakigeuza huku na huku kama anavyogeuza bidhaa ya mtu anayetaka kumuuzia.

"Kizuri, mama yangu," akasema. "Lakini mbona kimedumaa? Vibuyu vya kwenu nimeviona, vinajaa mikono miwili."

Bibi aliona aibu. Alikunja kitenge chake mara mbili, akakikunjua.

"Sikukitia mbolea," akasema.

"Kwa nini?"

"Mbolea ninayo ya Bihogo." Alisema kwa sauti ndogo, akimtazama Mama. "Nikaogopa. Nilisema, kama maziwa yanajificha ndani ya kibuyu miaka yote ile, nitajuaje mengine yanapojificha? Inatoka kwa ng'ombe yuleyule. Basi nikakipa majivu na maji tu."

Mama Zuhura alimrudishia Bibi kibuyu kwa mikono miwili. Nilitazama juu kutoka chini ya meza. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza ya cherehani, na alikuwa anacheka, halafu nikaona kwamba si kicheko. Yule mwanamke hakuwa amesoma shule hata siku moja, na aliwaza mbali kuliko daktari. Mbolea isingenidhuru. Mama alijua hivyo. Lakini alikuwa ameuliza swali pale zahanatini, kesho litakuwa lipi, na huyu mama mkwe wake alikwenda akakaa na lile swali mwaka mzima, akalitafutia jibu mpaka kwenye udongo.

"Umekuja na basi la asubuhi," Mama akasema alipoweza. "Umekula?"

"Bado."

"Tutakula. Kesho nafunga hii kazi, keshokutwa tunapanda gari wote, twende nyumbani kwako." Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza. "Devota, toka huko umsalimie bibi yako."

Nilitoka kwa kasi hadi nikajigonga. Alinuka mvua na moshi, na nilimshika kiunoni nikakataa kumwachia.

Krismasi ile kashata zilipikwa Kasulu kwa sufuria yenye uzi mwekundu, ambayo Mama Zuhura alituazima kwa masharti mengi, na kwa asali iliyotoka kwenye kibuyu kidogo. Mama alinipaka kidogo kwenye mdomo kwanza, tukasubiri wote, nyumba nzima kimya, Onesmo naye kimya. Kisha nikala. Bibi alikaa mbele yangu kwenye kigoda, mikono magotini, akiutazama mdomo wangu. Nilikula kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hakuna kilichotokea. Nimekula sikukuu nyingi tangu hapo, na bado ile ambayo hakuna kilichotokea ndiyo bora kuliko zote.

Mimi sasa ndiye ninayepika. Hapa Kibondo mama mwenye mtoto wa mzio anaelekezwa kwangu, sikukuu zote mbili, na ninajivunia kwamba hajawahi kurudi mtu akiniambia mtoto wake amevimba. Sufuria ninazo, zina uzi. Asali naiweka kwenye kibuyu kilekile, najaza, inaisha, najaza tena, na wageni huniuliza kwa nini nisitafute kikubwa nijiondolee usumbufu. Nawaambia vikubwa vipo vingi. Hiki kilinyimwa mbolea kwa ajili yangu.